Bahasha ya Tope

Bahasha ni ya kaki, imekunjwa mara mbili,
imeandikwa kwa penseli, mwandiko wa Daktari Wafubwa
ambao hata yeye alikuwa akihangaika kuusoma:
Kisiwa cha Kati. Ziwa la pili. Tope la ukingoni. Februari 1989.
Mwaka huo mimi nilikuwa bado na meno ya utotoni.

Nimeikuta nyuma ya kabati, maabara ya Chiromo,
tulipoambiwa tuhame chumba kwa sababu ya unyevu,
kati ya risiti za mafuta ya taa na panzi aliyekauka.
Itupe, akasema mkubwa wangu. Tope ni tope.
Nikaitikia ndiyo, nikaitia mfukoni.

Sijawahi kufika huko.
Najua tu alivyosimulia marehemu wakati wa chai:
ziwa kubwa lenye rangi ya jani, katikati kisiwa cheusi,
na ndani ya kisiwa, kwenye vinywa vya volkano vilivyonyamaza,
maziwa mengine, madogo, hayajuani.
Ukichota kikombe, alisema, umechota mji.
Kisha akakoroga chai yake polepole
kama mtu anayeogopa kuua.

Jumatatu nikamimina kijiko cha tope kwenye kisahani cha kioo,
nikaongeza maji. Si ya bomba; bomba letu
lilikuwa likikohoa tangu Alhamisi.
Ya mvua, niliyokinga dirishani kwa kopo la Kasuku,
nikayachemsha, nikayapoza, nikatia chumvi
na magadi ya duka la Mama Ndunge, kwa kukisia,
kama anayempikia mgeni bila kujua anakula nini kwao.

Jumanne: tope.
Jumatano: tope, na stima ikapotea saa saba hadi jioni.
Alhamisi: unywele wangu mwenyewe, nikaushtukia kama joka.
Ijumaa sikutazama, nilikuwa kwenye foleni ya hospitali na mtoto.

Jumamosi, jengo tupu,
mto nyuma ya ukuta ukinuka kama kawaida yake,
nikainamia hadubini.

Kitu kikatikisika.
Kikatulia. Kikatikisika tena, kwa kurukaruka,
kama mshono wa cherehani isiyo na uzi.
Jicho moja, jekundu, katikati ya paji.
Ungewapanga ishirini kama yeye
juu ya nukta moja ya penseli ya Daktari.

Yai lilikuwa limelala miaka yote hiyo.
Marais wamepita, noti zimebadilishwa sura,
Daktari mwenyewe tumemzika Webuye kwenye mvua,
mimi nimeshika mwavuli wa mtu nisiyemjua,
na lenyewe, humo kwenye kaki,
likingoja neno moja tu.

Sikuwa na wa kumwita. Nikamwita askari wa zamu, Ekai,
mzaliwa wa Kalokol, ng'ambo ya kisiwa hicho.
Akavua kofia kama anayeingia nyumba ya watu.
Akatazama muda mrefu.
Redio yake ya mkononi ikaongea, hakuijibu.
"Hicho kisiwa nilikiona kila asubuhi ya utoto wangu.
Tulikuwa tukisema hakuna mtu."
Kisha, bado ameinama:
"Amekula?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Jioni nikapanda paa la ploti yetu, Kayole,
nikafunua tangi, nikakwangua ukijani wa ukutani
kwa kijiko cha uji cha mtoto.
Matangi meusi paa baada ya paa hadi Komarock,
kila moja na maji yake, hayajuani.
Jirani, akianua nguo, akauliza natafuta nini humo gizani.
Chakula cha mgeni, nikamwambia.
Akacheka. "Wako wangapi?"
Nilipoondoka, nikasema, mmoja.